Saa za Giza Kabla ya Mwezi

Dungu la bibi, ulingo wa kulindia shamba, lilikuwa na miguu minne ya mti, na kimo chake kilinifika kifuani, mimi mtoto wa miaka 11. Sakafu yake fito, juu ya fito mkeka, juu yetu makuti. Ukuta ulikuwa mmoja tu, wa matete, upande upepo unakotoka. Chini kijinga kilifuka usiku kucha. Tulihamia hapo mpunga ulipoanza kutoa masuke, tukarudi nyumbani ulipokwisha kuvunwa, kila mwaka, katika bonde moja chini ya Uwanda wa Rondo, mkoani Lindi.

Mchana tuliamia ndege na kufukuza nyani; usiku tulilinda mpunga usiliwe na nguruwe pori. Bibi alikuwa na debe bovu na kipande cha chuma. Mimi nilishika kamba iliyokwenda hadi katikati ya shamba, na kwenye ncha yake kulikuwa na makopo yenye kokoto. Mpunga ukisikika unakatika, navuta. Nguruwe husimama kidogo, hukoroma, huhamia kona nyingine, nawe unaanza upya. Kundi la nguruwe sita au saba likilala shambani usiku mmoja, asubuhi utadhani pamepita trekta, na wanachokanyaga ni kingi kuliko wanachokula. Anayeuliza kwa nini mtu mzima alale porini na mjukuu wake hajawahi kuona chakula cha mwaka mzima kikiondoka kati ya saa 4 na saa 8 usiku.

Upande wa pili wa bonde lilikuwepo dungu la jirani yetu, baba wa watoto wanne. Alikuwa na kawaida ya kuimba akipiga debe, ili tujue yu macho, na bibi humjibu kwa mstari mmoja wa wimbo uleule. Usiku mmoja wa mwezi wa tano aliimba mara moja tu, giza lilipoingia, kisha kimya. Bibi akaita. Akaita tena, kwa jina. Akanivuta katikati ya mkeka, akazitupa kuni zote kwenye moto kutoka kulekule juu, akapiga debe bila kupumzika mpaka mwezi ulipochomoza na bonde lote likaonekana. Asubuhi wanaume walifuata mburuzo kwenye mpunga uliolala hadi vichakani. Walichokikuta sitakieleza.

Nyayo zilikuwa za simba wawili.

Kijijini ilisemwa kwamba wale hawakuwa simba wa Mungu. Walikuwa simba wa mtu, wametumwa. Simba wa kweli, walisema, ana swala wake na nyati wake. Atamjuaje fulani, atamfuataje dunguni kwake akaacha wengine wote? Vidole vikamwelekea mzee mmoja aliyewahi kugombana na marehemu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mzee huyo nilikuwa nikimwamkia kila asubuhi nikienda kisimani: shikamoo babu, naye marahaba, bibi yako kaamkaje? Baada ya msiba nikawa napita nimeinamisha kichwa. Siku ya tatu au ya nne aliniita: "Mjukuu wangu, hata wewe?" Sikugeuka. Kabla korosho za mwaka ule hazijaanza kudondoka alikuwa ameshahama, kaenda kwa binti yake Mtwara. Hakurudi tena.

Ninaandika haya kwa sababu ya ile "hata wewe".

Nilichojifunza baadaye sikukipata darasani. Nikiwa na miaka 20 nilipata kibarua cha kupika kambini, kwa watu waliokuja kuchunguza komba katika msitu wa Rondo. Komba wa Rondo ana uzito wa gramu 60 hivi, kama yai moja la kuku, na katika ukoo mzima wa komba ndiye mdogo kuliko wote wanaojulikana. Mkia wake umechanua nywele kama brashi ya kusugulia chupa. Anaishi katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, baadhi yake huku kwetu, na jina alilopewa ni la uwanda wetu. Nimekulia chini ya mlima wake bila kujua kwamba yupo.

Walivyomtafuta kulinishangaza. Walizima tochi, wakakaa chini, wakasikiliza. Nikamuuliza mwanafunzi mmoja wa Kitanzania, kijana mwenye subira, kwa nini hawamuliki. Akaniambia kwamba komba wadogo wa aina mbalimbali wanafanana mno kwa sura, hata wataalamu waliwachanganya kwa miaka mingi, na kilichokuja kuwatenganisha ni sauti. Kiumbe anayeishi gizani hawezi kumtambua mwenzake kwa rangi ya manyoya. Dume anaita, jike anasikiliza, na anayeita kwa namna ya aina nyingine hapati mwenza. Ndiyo maana manyoya yao yamebaki na rangi zilezile za kijivu na kahawia, lakini miito yao haifanani. Usiku kila mmoja anatafuta wadudu wake mwenyewe, maana panzi mmoja hagawanyiki. Kukipambazuka wanarudiana na kulala pamoja.

Nililala usiku ule nikiwafikiria bibi na jirani yetu, kila mmoja juu ya fito zake, wakijulishana kwa wimbo kwamba wapo.

Tangu hapo sikumwacha kijana yule apumzike. Kila akija jikoni nilikuwa na swali, na kila mara alinirudisha kwenye mambo yaleyale: mnyama anakula nini, chakula chenyewe kimekaaje juu ya ardhi, na yeye analiwa na nani. Ukishayajua hayo, alisema, tabia yake utaibashiri hata kabla hujamwona. Nikampa mtihani. Mbona paa wa vichaka vyetu humkuti katika kundi? Akasema paa huchagua: chipukizi hapa, jani changa pale, ua lililodondoka kule. Wakifuatana kumi, wa tatu hatakuta kitu. Kwa hiyo anaishi peke yake, au dume na jike kwenye kipande chao ambacho wanakitia alama kwa majimaji yatokayo kwenye tezi iliyo mbele ya jicho. Hatari ikija anajibanza tuli, na kichaka kinamficha. Sasa nenda upande wa Liwale, kwenye mbuga za Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko nyumbu na nyati wanakula nyasi, na nyasi zimetanda kila mahali. Pa kujificha hakuna. Kinga iliyobaki ni macho mengi na kujipenyeza katikati ya wenzako.

Na ndoa zao zinafuata njia hiyohiyo. Majike wakiwa wametawanyika vichakani, dume hawezi kuwalinda wawili kwa wakati mmoja, basi anatulia na mmoja. Majike wakikusanyika mahali pamoja, madume wanapigana, wachache wanapata wengi na wengine wanakosa kabisa. Mtaalamu aitwaye Peter Jarman aliupanga uhusiano huu mwaka 1974 kwa jamii ya swala na nyati wa Afrika. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gogo, namenya muhogo, kisu kikasimama. Miaka yote nilidhani paa ni mwoga na nyati ni jasiri, kama watu walivyo na tabia zao. Kumbe kichaka na majani ndivyo vilivyowafundisha.

Kuhusu nyani nilikuwa na ya kwangu ya kumweleza. Nilikuwa nimeona, zile siku za kuamia, kwamba majike wenye watoto mgongoni walichuma mahindi ya ukingoni na kukimbia nayo, na aliyethubutu kufika katikati ya shamba, mbele ya fimbo ya bibi, mara nyingi alikuwa dume mkubwa. Kijana akafurahi sana. Akanieleza kwamba jike wa nyani huzaliwa, hukua na hufa katika kundi la mama yake, na hata cheo chake hukirithi kwa mama. Dume akibalehe huhama na kwenda kuanza upya ugenini. Mwenye mtoto mgongoni hawezi kucheza na fimbo. Dume anahitaji mwili mkubwa ili apate nafasi kwa majike, basi anayakubali mapigo kwa ajili ya mahindi. Sisi Wamwera tunaohesabu ukoo kwa mama tulikuwa tunawafukuza nyani kila siku bila kujua kwamba katika hilo tunafanana nao.

Swali la nguruwe nililiweka mwisho. Nadhani nilikuwa naliogopa.

Ngiri na nguruwe pori wanaonekana ndugu, lakini maisha yao ni mbalimbali. Ngiri hutoka mchana, hupiga magoti akala nyasi fupi, usiku huingia shimoni kinyumenyume, meno yakitazama mlangoni. Nguruwe pori ni wa vichaka vizito. Hutembea na familia ndogo, majike na watoto wao pamoja na dume mkuu, na dume huyo hawaachi watoto. Huwalinda na kuwatangulia kwenye malisho. Akisumbuliwa mchana, huzidi kuhamia usiku. Anakula mizizi, matunda, minyoo, mizoga, na akipata mpunga, mpunga. Kiumbe wa namna hiyo hapati shida na shamba lililopakana na kichaka. Kwake hiyo ni neema. Tena kwetu wengi ni Waislamu, nguruwe haliwi. Swala, nyati na pofu wa karibu na vijiji wamewindwa miaka na miaka mpaka wakatoweka. Aliyebaki kwa wingi ni yule asiyetakiwa na mtu.

"Basi simba wa huku atakula nini?" akaniuliza kijana.

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaliona bonde. Mpunga umemvuta nguruwe, nguruwe amemvuta simba, na kando ya mpunga tumelala sisi, juu ya fito zinazomfika mtoto kifuani. Na hata uwili wao ulikuwa na maana. Serengeti, kwenye mawindo makubwa na mengi, majike wengi wa ukoo mmoja huweza kuishi pamoja, wakanyonyesha pamoja na kusimama pamoja dhidi ya madume wageni, ambao wakilitwaa kundi huua watoto ili mama zao warudie joto mapema. Ukubwa wa kundi una bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa nyama. Nguruwe mmoja hushibisha simba wawili. Hashibishi kumi.

Baadaye nilikutana na tarakimu. Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer pamoja na Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300. Mikasa mingi ilikuwa ya kusini mwa pwani, katika miezi ya mavuno, Machi hadi Mei, na ilizidi pale nguruwe walipokuwa wengi na mawindo mengine machache. Niliisoma habari hiyo mara nne. Watu husema simba mla watu ni mzee au mgonjwa, na ni kweli kwamba simba mmoja wa Rufiji aliyeuawa mwaka 2004, baada ya kuua watu zaidi ya 30, alikutwa na jipu kubwa chini ya jino. Jino bovu laweza kumweleza simba mmoja. Haliwezi kueleza kwa nini misiba ya wilaya nzima imejazana kwenye miezi ya kuvuna.

Kisha mwezi. Hili ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote, kwa sababu bibi alikuwa mtu wa kuhesabu mwezi. Alijua siku ya mwandamo kabla ya msikiti kutangaza, na mjomba wangu aliyevua dagaa Lindi mjini kwa taa hakuwa akitoka mbalamwezi, akisema dagaa hawaijali taa wakati anga lote linang'aa. Kila mtu kwetu alijua kwamba mwezi unaongoza samaki. Hakuna aliyejiuliza kama unaongoza simba. Uchambuzi uliochapishwa 2011, wa mamia ya mashambulizi ya huku kusini, ulionyesha kwamba mengi hutokea kati ya machweo na saa 4 usiku, na kwamba hatari hupanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu.

Ukikaa dunguni sababu yake unaiona kwa macho. Mwezi kumi na nne unachomoza jua likizama, bonde halina giza hata kidogo, mawindo yanamwona simba kutoka mbali, naye analala na njaa. Kila usiku unaofuata mwezi unachelewa kiasi cha dakika 50. Mwezi kumi na saba, au kumi na nane, unakuwa na saa mbili au tatu za giza totoro kabla haujachomoza, na hizo ni saa ambazo watu bado wako nje: wanapika, wanajisaidia, wanachochea moto. Simba mwenye njaa ya siku kadhaa anakutana na giza lake la kwanza, na ndani ya giza hilo tumo sisi. Jirani yetu alishuka kuchochea moto, siku tatu au nne baada ya mpevu, katika mwezi wa tano. Bibi aliyekuwa akihesabu siku za mwezi kwa vidole kwa ajili ya kufunga angeweza kuihesabu na hatari ile, kama angetokea mtu wa kumwambia.

Nimejiuliza pia tulikuwaje pale, kila kaya peke yake. Bibi alipokuwa msichana nyumba ilikuwa ndani ya shamba. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawakusanya barabarani, kwenye shule na zahanati, na kwa kuwa nimesoma, navishukuru. Lakini mabonde yenye rutuba hayakuhama. Mashamba yakabaki mbali na yametawanyika, huyu kwenye tope hili, yule kwenye lile, na mlinzi akafuata shamba. Tuliishi kama paa wanavyoishi, kwa sababu ileile, ila sisi hatuna kichaka cha kutuficha na miguu yetu ni mizito.

Leo ninalima palepale. Kaya tisa tumepakanisha mashamba ya mpunga mpaka na mpaka, ili ulinzi uwe wa zamu na madungu yawe karibu, mtu akiongea kwa sauti ya kawaida mwenzake anamsikia. Tumechimba mtaro upande wa vichaka. Ni wa kuzuia nguruwe. Madungu yetu sasa yamezidi kimo cha mtu mzima aliyenyoosha mkono, yana kuta pande zote, na ngazi inavutwa juu. Kuanzia mpevu hadi siku kumi mbele, jua likizama hakuna anayeshuka mpaka mwezi utoke, hata moto uzimike. Vijana wa bodaboda walituona waoga mwanzoni. Mwanangu wa kwanza, wa miaka tisa, hunitajia saa ya mwezi kuchomoza kabla sijamuuliza.

Mwaka 2012 nilipanda basi kwenda Mtwara kumtafuta binti wa yule mzee. Nilimkuta anakaanga mihogo kibarazani, akanikaribisha, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, nguruwe, mpunga, giza la baada ya mpevu, nyayo za simba wawili waliokuwa na njaa tu kama simba wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza mihogo.

"Mdogo wangu," akasema, "mbona hukuja mzee akiwa hai?"

Alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Sikuwa na la kumjibu, naye hakunihimiza. Alipomaliza kuuza alifunga khanga yake, akanipeleka makaburini, akanionyesha kaburi, kisha akasogea pembeni. Nikasoma Fatiha. Nikachuchumaa, nikasema shikamoo babu.